Fizikia ya Mkwawa, Karakana ya Ikuti

Ukiuliza watu wa Iyunga, jijini Mbeya, chuo kikuu kilichoko kwao Ikuti kina umri gani, jibu litategemea umri wa anayejibu. Mzee atakwambia ni cha mwaka 1986, wala hatakiita chuo kikuu. Kwake ni Mbeya Tech mpaka leo. Aliyesoma hapo katikati ya miaka ya 2000 atataja mwaka 2005, na jina analolikumbuka ni MIST. Kijana wa sasa ana fulana iliyoandikwa MUST, na hesabu yake inaanzia hati idhini ya mwaka 2013. Wote watatu wako sahihi, maana ndani ya uzio uleule zimefanyika kazi tatu, moja ikipandishwa juu ya nyingine, na ile ya chini haikuondoka.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo cha elimu ya juu, na pale Mlimani kila jengo la mwanzo lilichorwa kwa kazi hiyo. Nyanda za Juu Kusini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Vyuo viwili vya umma ninavyotaka kuvieleza hapa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa cha Iringa, vyote viliingia katika nyumba zilizokwisha kujengwa kwa shughuli nyingine. Vinatenganishwa na kilometa zaidi ya 300 za barabara kuu, ukipita Uyole, Chimala, Makambako, Mafinga na Ifunda, na mara nyingi kila kimoja huandikwa peke yake kana kwamba havijuani. Nakusudia kuvisoma pamoja. Ninaamini huwezi kukielewa kimoja bila kukitazama kingine, na sababu itaonekana.

Tuanze na Mbeya. Chuo cha Ufundi Mbeya kilianzishwa mwaka 1986 kwa makubaliano kati ya Tanzania na Umoja wa Kisovieti, na kazi yake ilikuwa moja: kutoa mafundi sanifu. Neno hili linahitaji kufafanuliwa, maana siku hizi kila anayeshika bisibisi anaitwa fundi. Mhandisi anakokotoa na kuchora. Fundi mchundo anakata, anachomelea, anafunga nati. Fundi sanifu anasimama katikati yao: anausoma mchoro wa mhandisi, anaugeuza kuwa maelekezo yanayotekelezeka, kisha anapima kama kilichotoka mikononi mwa mchundo kinalingana na kilichokuwa kwenye karatasi. Katika mijadala ya wahandisi wetu hutajwa uwiano wa 1:5:25, yaani kila mhandisi mmoja awe na mafundi sanifu watano na mafundi mchundo ishirini na watano. Nchi yenye wahandisi watupu ina michoro mingi na mashine zilizosimama.

Kwa nini Mbeya? Ramani ya wakati ule inajibu. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa imekabidhiwa mwaka 1976, na kituo chake cha Mbeya kiko upande huohuo wa mji iliko Ikuti, unakoelekea Tunduma. Songwe kulikuwa na kiwanda cha saruji. Kiwira mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa unaandaliwa na ukafunguliwa mwaka 1988. Vyuo vikongwe vya ufundi vilikuwa Dar es Salaam na Arusha. Injini ikikwama Mbeya, mtu wa kuitengeneza aliweza kuwa zaidi ya kilometa 800 kutoka hapo. Ukanda uliokuwa unajengewa mitambo ulihitaji watu wa kuishi karibu nayo.

Kijana alimaliza kidato cha nne, akafaulu hisabati na fizikia, akaingia Mbeya Tech kwa miaka mitatu, akatoka na cheti cha fundi sanifu, FTC. Kwa waliokua enzi hizo herufi hizo tatu zilikuwa na uzito wake. Mwenye FTC ya ujenzi alisimamia daraja. Mwenye FTC ya umeme alikabidhiwa kituo cha kupozea umeme na watu wakalala usingizi.

Kisha, Desemba 1991, Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Chuo kilikuwa na miaka mitano tu, na dola iliyotia saini makubaliano ya kukianzisha haikuwapo tena. Nyumbani nako mashirika ya umma, waajiri wakubwa wa mafundi sanifu, yakaingia katika miaka ya kubinafsishwa, na mengine yakafungwa kabisa. Hapa ndipo palipo chimbuko la mabadiliko yote yaliyofuata, ingawa historia fupi za chuo hupita haraka. Fundi sanifu aliyebaki kazini aligundua kwamba ngazi ya vyeo ina dari, na dari hiyo inaitwa digrii. Anaweza kujua mtambo kuliko bosi wake, lakini bosi ana shahada. Msukumo wa kukipandisha hadhi chuo cha Ikuti ulitoka serikalini, ndiyo. Vilevile ulitoka chini, kwa watu waliokwisha kufika kikomo cha cheti chao na wakataka njia ya kuendelea isiyowalazimu kurudi kukaa kwenye dawati la kidato cha tano.

Mwaka 2005 unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka huo Chuo cha Ufundi kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia Mbeya, ile MIST. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7, Mbeya yenyewe ikatangazwa kuwa jiji, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi. Na Septemba ya mwaka huo, huko Iringa, Mkwawa ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sambamba na pacha wake wa Chang'ombe, Dar es Salaam. Mambo haya hayakukutana kwa bahati. Kwa miaka mingi digrii Tanzania ilikuwa ya wachache sana. Ndani ya miezi michache serikali ilifungua milango, ikaandika kanuni za kuingilia na ikatafuta namna ya kumkopesha nauli anayetaka kuingia.

Miaka saba baadaye, mwaka 2012, MIST ikapandishwa kuwa chuo kikuu, na hati idhini ikasainiwa Agosti 2013. Profesa Joseph Msambichaka, aliyekuwa akiiongoza taasisi, akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Leo chuo kina ndaki za uhandisi, teknolojia ya habari na mawasiliano, usanifu majengo na ujenzi, sayansi na elimu ya ufundi, kilimo, na sayansi za jamii na biashara, pamoja na kampasi ya Rukwa kule Sumbawanga. Orodha hiyo naipita haraka, maana orodha za ndaki zinafanana kila mahali. Jambo linalokitofautisha chuo hiki ni lile ambalo hakikuliacha: kiliendelea kutoa stashahada za ufundi ndani ya uzio mmoja na digrii.

Ingia darasa la mwaka wa kwanza wa uhandisi umeme uone maana yake. Kuna kijana aliyetoka kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Huyu ukimpa mlinganyo anautafuna; lakini mikono yake haijawahi kufungua mota. Pembeni yake kuna mwenzake aliyeingia kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada. Huyu amekwisha kusuka waya za mota ya fezi tatu, anajua staa-delta kwa vidole, na pengine alifanya kazi miaka miwili kabla ya kurudi shule. Ukifika muhula wa hisabati za juu, wa pili anahangaika na wa kwanza anapumua. Ikifika siku ya karakana, mambo yanageuka: wa kwanza anatafuta waya upi ni upi, wa pili amekwisha kumaliza na anamsubiri.

Kwangu hili ndilo jambo la thamani kuliko yote pale Ikuti. Usiku kabla ya mtihani utawakuta wanafundishana, mmoja akitoa kanuni na mwingine akieleza kanuni hiyo inafanya nini ndani ya chuma. Mhandisi aliyesoma hivyo akifika kazini hamdharau fundi sanifu wake, kwa sababu aliwahi kuokolewa na mmoja. Na fundi sanifu aliyepanda hadi digrii hasahau harufu ya karakana. Vyuo vingi duniani vilivyoanza kama vyuo vya ufundi vilipopewa joho vilivua ovaroli. Uingereza ilizigeuza politekniki zake kuwa vyuo vikuu mwaka 1992, na hadi leo wapo wanaosikitika kwamba ngazi ya kati ilipwaya. Hatari hiyo ipo kwetu pia. Karakana ni ghali: chuma kinaliwa na mazoezi, mashine inataka vipuri, na darasa la watu wengi haliwezi kuzunguka mashine moja ya kuchongea. Ukumbi wa mihadhara ni nafuu zaidi, na idadi ya wanafunzi inavyopanda ndivyo kishawishi cha kukimbilia ukumbi kinavyokua. Fedha za mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya nchi nzima, zimekuwa zikijenga maabara na madarasa katika vyuo vya umma. Jengo jipya nitalipima kwa swali moja: kila mwanafunzi atashika kifaa kwa saa ngapi kwa wiki?

Sasa twende Iringa. Majengo ya Mkwawa yana historia inayomfanya mtu apunguze mwendo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na shule ya St. Michael's and St. George's, iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu wa Tanganyika. Iko mwendo mfupi kutoka Kalenga, ambako ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya yeye kulishinda jeshi lao lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo, Agosti 1891. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Kwa hiyo ndani ya muongo mmoja, nchi hiyohiyo ya Uhehe ilipokea fuvu la shujaa wake na ikajengewa shule ambayo wajukuu wa mashujaa hao hawakuruhusiwa kukaa darasani mwake. Baada ya uhuru shule ikafunguliwa kwa wote na ikapewa jina la Mkwawa. Waliosoma hapo kidato cha tano na sita bado wanasema "Mkwawa High" kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake.

Lakini kilichoifanya kuwa chuo kikuu kilikuwa upungufu wa walimu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na kufuatia mpango huo kila kata ikahimizwa kujenga sekondari. Shule za sekondari nchini, ambazo mwaka 2005 zilikuwa 1,700 na ushei, zilipita 4,000 kufikia mwaka 2010. Wananchi walichanga mawe na matofali, madarasa yakasimama, watoto wakaja na madawati yao. Mwalimu hakuwapo. Serikali ikawachukua wahitimu wa kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, na mitaani wakaitwa walimu wa vodafasta, yaani wa harakaharaka. Jina lile liliwaumiza vijana waliokuwa wakijitahidi kwa walichokuwa nacho. Kosa halikuwa lao. Mkwawa na Chang'ombe viliitwa kuziba pengo hilo kwa walimu wenye shahada.

Kazi ya Mkwawa inaeleweka vizuri ukiziangalia shahada zake. Anayesoma ualimu wa sayansi au wa sanaa kwa njia ya kawaida anabeba masomo mawili ya kufundishia, mathalani fizikia na hisabati, au Kiswahili na historia, pamoja na kozi za ualimu wenyewe. Fizikia yake anaisoma katika kitivo cha sayansi, kwa kina cha mwanasayansi, na juu yake anajifunza jinsi mtoto wa miaka kumi na minne anavyoelewa na anavyokosea. Katika likizo anakwenda TP, mazoezi ya kufundisha, na mhadhiri anamfuata shuleni kumkagua akiwa na chaki mkononi. Hii ni karakana ya aina yake: chuma kinachochongwa ni somo, na kosa la mchongaji linaonekana siku ileile kwenye nyuso za darasa. Shahada yenyewe ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkuu wa chuo kishiriki anaitwa Rasi, na anawajibika Mlimani. Faida ni kwamba mhitimu anatembea na jina lisilohitaji maelezo. Hasara ni kwamba watu wa Iringa wenyewe wakati mwingine hukitaja chuo hiki kama tawi, ilhali kina wahadhiri, maktaba na desturi zake.

Katika vyuo vyote viwili maisha ya mwanafunzi yanatawaliwa na vitu viwili, baridi na boom. Mwaka wa masomo unaanza kuelekea msimu wa mvua na muhula wa pili unaishia Juni na Julai, miezi ambayo Mbeya, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, umande wa asubuhi unakaribia kuwa barafu. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hufanywa na watu waliovaa makoti mawili. Mwanafunzi wa Pwani anayefika Ikuti na mashuka mawili mepesi hununua blanketi la mtumba katika soko la Mwanjelwa kabla hajanunua daftari.

Boom ni fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, inayokuja kila baada ya miezi miwili hivi. Siku inapoingia utajua bila kuambiwa: mama lishe anafuta madeni kwenye daftari lake, steshenari zinakuwa na foleni za watu wanaotoa nakala za madesa, yaani notisi za masomo, bajaji zinajaa. Ikichelewa, wenye geto, yaani vyumba vya kupanga, wanasogeza siku ya kodi na wanafunzi wanakula pasi ndefu, mlo mmoja wa kuvusha siku. Hosteli hazitoshi, kwa hiyo Iyunga na Ikuti kwa upande wa Mbeya, Kihesa na Mkimbizi kwa upande wa Iringa, vimekuwa vitongoji vya vyumba vya kupangisha. Mwanamke aliyekuwa akilima viazi kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba yake amejenga vyumba sita na anawaita wapangaji wake "wanangu". Kuna maneno ya kuogopwa, "supu" kwa mtihani wa kurudia na "kudisko" kwa aliyeondolewa, na mwenye nyumba naye anayajua, maana mpangaji akidisko chumba kinabaki wazi.

Katika miji hii miwili vyuo vya umma haviko peke yake. Walutheri walianzisha chuo chao Iringa mwaka 1994, kile ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa. Wakatoliki wakafuata na Ruaha, na Wamoraviani wakaweka Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji Mbeya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina ndaki ya afya Mbeya, karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Uwepo wa majirani hawa umesaidia vyuo vya umma kubaki na kazi zao mahususi. Sheria na uandishi wa habari vilikuwa na mahali pa kusomwa. Mkwawa ikabaki na mwalimu, Ikuti ikabaki na mashine.

Sasa narudi kwenye dai la mwanzo, kwamba vyuo hivi visomwe pamoja, na ninaomba msomaji achukue kalamu tuhesabu. Waliodahiliwa Mkwawa mwaka 2005 kwa shahada ya miaka mitatu walimaliza mwaka 2008. Tuseme mmoja wao amepangwa sekondari ya kata, Januari 2009, kufundisha fizikia kidato cha kwanza. Darasa hilo lilifanya mtihani wa kidato cha nne Oktoba 2012. Matokeo yale nchi inayakumbuka: kabla hayajapangwa upya, watahiniwa zaidi ya 60 katika kila 100 walipata sifuri, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Pinda, akaunda tume. Mwalimu mmoja aliyefuzu, katika shule isiyo na maabara, mbele ya darasa lililojaa kupita kiasi, alikuwa anafanya kazi ya watu wanne. Alichoweza kukivusha ni wachache.

Mchukue mmoja wa wale waliovuka. Akienda kidato cha tano na sita anamaliza Mei 2015 na anaingia Ikuti mwishoni mwa mwaka huo, chuo kikiwa na hati idhini ya miaka miwili. Uhandisi ni miaka minne: 2019. Kisha miaka mitatu ya mafunzo kazini chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kusajiliwa mhandisi mtaalamu: 2022. Akipitia stashahada badala ya kidato cha sita, anakuwa fundi sanifu mwaka 2016 na anaweza kuanza kazi siku hiyohiyo. Tangu uamuzi wa mwaka 2005 hadi mhandisi mmoja aliyesajiliwa ni miaka kumi na saba, na katika mlolongo huo Mkwawa inatangulia na Ikuti inafuata. Mwanafunzi anayeshindwa hisabati za mwaka wa kwanza pale Mbeya alianza kushindwa kidato cha pili, kwenye kipindi ambacho hakikuwa na mwalimu. Anayesimama mbele ya mota bila woga alikuwa na mtu aliyemwonyesha betri, waya na balbu akiwa na miaka kumi na mitano.

Ndiyo maana nikisikia mjadala wa kwamba wahitimu wa uhandisi hawaivi, huwa nauliza kwanza walifundishwa fizikia na nani, wapi, na darasani walikuwa wangapi. Kila mwaka msimu wa TP ukifika, wapo vijana wa Mkwawa katika sekondari za Kilolo, Mufindi na Mbarali, wakiazima mizani kwa muuza duka ili wafundishe kani na uzito.